Divai ya Nini Chunguni?

Vitabu vya mapishi vinavyouzwa mijini mwetu havikosi agizo hili: nyama ya ng'ombe ipikwe kwa divai nyekundu, tena mpishi achague divai kavu, isiyo tamu, ambayo mwenyewe angeweza kuinywa. Na vijana wetu waliosomea upishi, ukiwauliza, hukujibu upesi: "Si neno, mzee, moto huimaliza." Maneno haya yamezoeleka hata yakawa kama fatwa. Mimi nasema si kweli, na tena hayana haja.

Si kweli kwa sababu jambo lenyewe limekwisha pimwa. Kileo huchemka kwenye digrii 78, kabla ya maji, ndipo watu wakadhani kwamba hutoka chote. Kumbe kikishachanganyika na mchuzi hutoka polepole. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani laonyesha kuwa chakula kilichochemka kwa dakika 15 hubakiwa na asilimia 40 ya kileo kilichotiwa. Kwa saa moja, asilimia 25. Na kwa saa mbili na nusu bado zipo asilimia 5. Mimi si sheikh, lakini hata asiye sheikh ajua kwamba kwa Mashafi, nasi watu wa pwani na ndugu zetu Wasomali tu wamoja humo, divai ni najisi kabla hatujafika kwenye suala la kulevya.

Ama kuhusu haja, twendeni Garissa.

Pale hotelini utaletewa sahani ya baasto, yaani tambi nene, na juu yake suugo. Majina yote mawili ni ya Kiitalia. Waitalia walitawala Somalia ya kusini hadi 1941, wakarudi kuisimamia kuanzia 1950 hadi 1960. Na Jubaland, iliyopakana na Garissa, Mwingereza aliwapa mwaka 1925. Sasa, Mwitalia anapopika mchuzi wake wa nyama, mara nyingi hutia divai. Wasomali walitwaa tambi, wakatwaa mchuzi na hata jina lake, chupa wakamwachia mwenyewe. Badala yake wakatia hawashi, yaani bizari yao ya jira, giligilani, iliki na pilipili manga, wakakamulia ndimu, na ndizi mbivu wakaiweka kando ya sahani. Sijapata kumsikia mlaji akilalamika kwamba suugo ile imepungukiwa na kitu.

Tazameni divai inafanya nini chunguni: yatia uchachu, utamu kidogo, rangi, na ule ukakasi unaoshika ulimi. Ukwaju unayo yote hayo, na mikwaju huota kandokando ya Mto Tana bila ya kupandwa. Basi wenzetu wakichagua divai, sisi tuchague ukwaju kwa makini yale yale. Ule mpya, mwekundu wa kahawia, ni mkali. Ule wa zamani, mweusi, una utamu ndani yake, nao ndio unaofaa nyama. Uroweke katika maji ya moto, uuvuge, uchuje kokwa na nyuzi. Ukitaka utamu zaidi, ponda tende mbili. Nyama ya ngamia mzee ni ngumu, hivyo ukwaju utiwe mapema uchemke nayo. Ndimu ingoje mwisho, maana ikichemka sana huwa chungu.

Na siki? Iliyogeuka yenyewe kutoka divai, Mashafi waihalalisha. Iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu, hapana. Chupa ya dukani haisemi imegeukaje, kwa hiyo mimi huipita.

Linaloniudhi zaidi ni kule kunyamaza. Huko Garissa mgeni hali kwa wasiwasi, kwani hana la kuuliza. Huku kwetu, katika mahoteli ya kitalii na hata katika karamu za harusi zinazopikwa na wapishi wa kukodi, mtu hupakuliwa mchuzi mwekundu wa kung'aa na hakuna amwambiaye kilichomo. Mpishi ajionee kwamba moto umemaliza. Hiyo ni rai yake. Lakini mwenye karamu na aulize kabla ya kulipa arubuni, na jibu la "si neno" asilikubali. Aseme waziwazi: ukwaju. Na mpishi akidai kwamba rangi haitakolea, amwongezee kopo la tungule.