Utafiti kuhusu njia za wanyama usifungiwe maktabani

Wapo wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu ambao hutumia miezi mingi mbugani na kando ya barabara wakichunguza jinsi lami, reli na majumba yanayozidi kuenea yanavyozuia mienendo ya wanyamapori. Baadhi yao huhesabu mizoga ya wanyama waliogongwa na magari. Wengine hulinganisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali ili waone seng'enge zilivyoongezeka. Wengine nao huketi na wafugaji wakiwauliza nyumbu walikuwa wakipitia wapi zamani. Hiyo ni kazi ya kupongezwa. La kusikitisha ni kwamba, mara nyingi, tasnifu ikishatahiniwa hujaladiwa na kuwekwa rafuni, na yule mfugaji aliyehojiwa haisikii tena.

Hasara ya mtindo huu yaonekana waziwazi pale Nairobi. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina eneo la kilomita mraba 117 tu. Eneo hilo haliwatoshi nyumbu na punda milia mwaka mzima. Tangu jadi, wanyama hao huvuka Mto Mbagathi wakati wa mvua na kutawanyika katika nyanda za Athi na Kaputiei, kisha hurejea mbugani wakati wa kiangazi kutafuta maji. Lakini ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo ardhi imekatwakatwa kuwa ploti. Viwanda vimejengwa Athi River, na miji ya Kitengela na Isinya imepanuka kandokando ya barabara ya Namanga. Mwaka 2019 reli mpya ilianza kutumika juu ya daraja refu lililokatiza mbuga yenyewe.

Matokeo yake yanajulikana. Nyumbu wa nyanda hizo, waliokadiriwa kuwa karibu 30,000 mwaka 1978, walikuwa wamepungua hadi chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ajabu ya msiba wetu ni kwamba daftari tunalo, ila tumeliandika kwa lugha ambayo wenye mali wengi hawaisomi.

Yafaa tujiulize: ni nani hasa huamua kama mnyama atapita au hatapita? Ni mzee wa Kimaasai anayefikiria kuuza ekari tano ili alipe karo. Ni dalali wa ardhi, na mnunuzi aliyetoka mjini akiwa na waya wa seng'enge ndani ya pikapu. Ni diwani anayeidhinisha mpango wa mji. Watu hawa hukutana barazani, na barazani huzungumzwa Kiswahili na Kimaa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyatunza mazingira. Je, mtu atashirikije katika jambo ambalo hakuelezwa kwa lugha anayoielewa?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi hii. Dai hilo halina mashiko. Neno ushoroba, ambalo asili yake ni njia nyembamba ya kupitia, tayari hutumika kwa maana ya mapito ya wanyama. Kimaa nacho ni lugha ya watu walioishi na wanyama hao kwa karne nyingi. Upungufu uliopo ni wa nia, wala si wa msamiati.

Aidha, wapo watakaosema kuwa mwenye shamba ana haki ya kulizungushia ua. Ni kweli, na hakuna amwombaye mfugaji abaki maskini kwa ajili ya punda milia. Hata hivyo, mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasiiwekee ua ulidhihirisha kwamba watu husikiliza wanapoelezwa jambo na kupewa ujira wa haki.

Kwamba maarifa yakimfikia mjenzi mapema hufaa, ushahidi tunao. Tangu mwaka 2011, ndovu wa Mlima Kenya wamekuwa wakipita chini ya barabara ya Nanyuki na Meru kupitia njia waliyotengenezewa. Njia hiyo haikuwekwa popote tu, bali katika mapito yao ya asili.

Kwa hiyo, napendekeza kwamba mwanafunzi yeyote anayeandika tasnifu ya namna hii atakiwe, kabla ya kuhitimu, kuwasilisha muhtasari wa kurasa tatu kwa Kiswahili pamoja na ramani. Muhtasari huo usomwe katika baraza la mahali alipofanyia utafiti, na nakala zake zipelekwe kwa wapangaji wa kaunti na wahandisi wa barabara. Sisi wa idara za lugha tusaidie kuutafsiri, na pale inapobidi uandikwe kwa Kimaa pia. Gharama yake ni karatasi na jasho kidogo. Kinyume chake ni kuendelea kuwatunuku vijana shahada kwa kuandika habari za mapito ambayo, siku ya mahafali, yatakuwa yamekwisha kujengwa.