Usiku wa Machi, Usiiamini GPS Peke Yake

Kama kazi yako inategemea GPS na uko popote kati ya Malindi na Mtwara, usiiamini mashine hiyo peke yake kuanzia saa moja usiku hadi saa sita, hasa katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Nawaambia warusha droni za kunyunyizia dawa mashambani, wapima ardhi wanaomalizia bikoni giza likiingia, manahodha wanaoingiza vyombo bandarini usiku, na marubani wa ndege ndogo. Hatari hii haina wingu wala ngurumo. Anga linaweza kuwa jeupe, nyota zote zinaonekana, na mashine yako inakudanganya.

Chanzo ni ionosfia. Kuanzia kilomita 60 hivi juu yetu hadi karibu 1,000, mionzi ya jua hunyofoa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa, na tabaka zima likajaa umeme. Setilaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200, kwa hiyo mawimbi yake hayana njia nyingine ya kutufikia ila kupita humo. Elektroni huyachelewesha, na mashine huusoma ucheleweshaji huo kama umbali.

Sisi wa pwani tuko mahali pabaya zaidi kwa jambo hili. Ikweta ya sumaku haipiti kwetu, hupita Ethiopia. Mchana, elektroni hunyanyuliwa juu ya ikweta hiyo, kisha huteremka zikifuata mistari ya sumaku na kurundikana pande mbili, yapata nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini. Rundo la kusini liko juu ya vichwa vyetu. Jua likiwa limechachamaa, kosa la mashine ya masafa mamoja, kabla ya kusahihishwa, hufika mita 15 na kuzidi, hata kwa setilaiti iliyo utosini kabisa. Mashine ya masafa mawili hulifuta kosa hilo karibu lote, na walionunua mashine hizo za bei kubwa hudhani wameshavuka.

Hawajavuka. Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfia hupoteza elektroni zake upesi, ya juu ikabaki imesheheni, na umeme wa jioni huisukuma ipande zaidi. Kizito kimekaa juu ya chepesi. Viputo vyenye elektroni chache huchomoka kutoka chini na kupanda kama mapovu ya uji unaotokota, ila kimoja huweza kuwa na upana wa makumi ya kilomita, kikanyooka kwenye mstari wa sumaku kutoka Ethiopia hadi huku kwetu. Ndani yake hapako shwari. Wimbi likipita humo hutawanyika, na nguvu yake ikifika ardhini hupanda na kushuka ndani ya sekunde chache. Masafa ya pili hayasaidii kitu hapo, kwa kuwa yote mawili huyumba na kukatika.

Kwa nini Machi na Septemba? Kwenye longitudo zetu mistari ya sumaku imeelekea karibu sawasawa kaskazini na kusini, na katika miezi hiyo mpaka wa mchana na usiku nao umekaa hivyo hivyo. Ncha zote mbili za mstari hufunikwa na giza kwa pamoja, na viputo hupata nafasi.

Mpima ardhi ataliona hili kwenye skrini. Saa mbili kasoro usiku, setilaiti mbili tatu za upande mmoja wa anga zinashuka nguvu, zinarudi, zinapotea. Neno la fiksi (jibu la uhakika) linageuka floti (jibu la kukisia). Anasubiri, fiksi inarudi, anapigilia bikoni, anakwenda zake. Fiksi iliyorudi baada ya mawimbi kukatika inaweza kuwa ya uongo, na skrini ikaendelea kuandika sentimita mbili kwa ujasiri uleule. Tunajua mgogoro wa mpaka wa shamba unavyokula fedha na undugu wa watu. Huu unaweza kuzaliwa usiku mmoja bila mtu yeyote kukusudia.

Wengine wameshalipia misukosuko ya ionosfia, ya usiku na hata ya mchana. Dhoruba ya jua ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifika daraja la juu kabisa, mara ya kwanza tangu Oktoba 2003, na wakulima wa Marekani waliokuwa wakipanda mahindi walisimamisha matrekta yao kwa sababu mistari ya GPS ilikuwa imepinda. Tarehe 6 Septemba 2017, kimbunga Irma kikiwa Karibea, mlipuko mkubwa wa jua ulizima redio za masafa mafupi zilizokuwa zikitumika kwenye uokoaji. Na huko Afghanistan, Machi 4, 2002, helikopta ya askari wa Marekani haikupata onyo la redio la kutotua kwenye mlima Takur Ghar. Mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins walirudi kwenye picha za setilaiti za usiku ule wakaona kiputo cha ionosfia, wakasema huenda kilichangia.

Kilele cha mzunguko wa sasa wa jua kilitangazwa Oktoba 2024. Asikudanganye mtu kwamba yamekwisha: dhoruba za Oktoba 2003 zilikuja kilele cha wakati ule kikiwa kimeshapita.

Tunao uwezo wa kuviona viputo hivi. Setilaiti sita za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019, huzunguka ukanda wa ikweta zikipima elektroni, na setilaiti za Swarm za Ulaya hupita juu yetu tangu 2013. Hata kabla ya hizo, setilaiti ya San Marco iliyorushwa Machi 1988 kutoka baharini karibu na Malindi ilitumwa kuchunguza anga la juu la ikweta hilihili. Lakini setilaiti hupita na kuondoka. Kipokezi kilichokaa ardhini ndicho huona kiputo kikizaliwa na kusogea mashariki usiku kucha, na vipokezi vyetu ni vichache mno kwa ukubwa wa anga hili.

Basi fanyeni hivi. Kazi ya sentimita ifanywe asubuhi, na bikoni ipimwe tena siku nyingine kabla ya kutiwa saini. Kituo chako cha marejeo kiwe karibu. Droni isirushwe jua likizama juu ya watu au nyaya za umeme, na mrushaji awe anaweza kuirudisha kwa mkono. Nahodha aangalie rada, boya na taa za mlango wa bandari kabla ya ramani ya skrini. Mashine ikikatika, andika saa na setilaiti zilizopotea, uzipelekee ofisi ya upimaji au chuo kikuu kilicho karibu. Na kama taasisi yako ina kipokezi juu ya paa, msikizime jioni kuokoa umeme: saa hizo za usiku ndizo data yake inahitajika kuliko zote.