Barua ya Wazi kwa Gavana wa Nairobi na Mamlaka za Barabara: Ukingo wa Daraja Uwe na Mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Wakurugenzi Wakuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA) na Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA),
Nakala kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu kitu ambacho mkazi wa Nairobi hukitegemea kila siku pasipo kukitazama, nacho ni ukingo, yaani vyuma vya pembeni mwa njia iliyoinuliwa juu ya ardhi, vinavyompa mpitaji pa kushika na kumzuia asianguke. Hoja yake ni moja: serikali inapomjengea mwenda kwa miguu njia ya juu na kumkataza ile ya chini, inakuwa imejitwika dhamana ya kila nguzo na kila nati ya njia hiyo, na dhamana hiyo haiwezi kutimizwa iwapo mpitaji hajui daraja ni la nani wala lilikaguliwa lini mara ya mwisho.

Dhamana hiyo inaonekana wazi zaidi upande wa magharibi mwa jiji. Waiyaki Way, inayotoka Westlands na kupitia Kangemi hadi Uthiru, imepanuliwa katika mradi wa kilomita 25 kutoka James Gichuru hadi Rironi, na kadiri barabara ilivyopanuka ndivyo kuivuka kwa miguu kulivyozidi kuwa hatari. Madaraja ya waenda kwa miguu yamejengwa, vizuizi vimewekwa katikati ya barabara ili watu wasikatize, na mara kadhaa polisi jijini wamewakamata wanaovuka chini ya daraja. Sera hiyo ina msingi, kwa kuwa waenda kwa miguu ndio kundi linalopoteza watu wengi zaidi katika ajali za barabarani nchini. Hata hivyo, kibarua wa Kangemi anayekwenda Westlands alfajiri, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mboga mkononi, na mwanafunzi aliyefika kimo cha kiuno cha mtu mzima, wote hao hawakuchagua kupanda juu. Wamepandishwa, na aliyewapandisha anawajibika wasianguke.

Ukingo unaofaa hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kimo, ambacho hutokana na kitovu cha uzito, yaani sehemu ya mwili ambapo uzito wote husawazika. Kwa mtu mzima wa mita 1.75 kitovu hicho huwa karibu sentimita 97 kutoka ardhini, hivyo ukingo ulio chini ya hapo unaweza kumpindua aliyesukumwa badala ya kumzuia, na ndiyo sababu kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka milimita 1,100 kwenye roshani za nje. La pili ni nafasi kati ya chuma na chuma, ambayo kanuni hizo hizo huipima kwa mpira wa kipenyo cha milimita 100: ukipenya, na mtoto mdogo anaweza kupenya. Vyuma vya wima ni salama zaidi kuliko vya mlalo, kwa sababu vya mlalo humfanyia mtoto ngazi ya kupandia. La tatu ni nguvu ya kuhimili msukumo, ambayo mahali pa msongamano mkubwa hukadiriwa kufikia kilonewton 3 kwa kila mita, sawa na msukumo wa uzito wa kilo 300 hivi kwa kila mita moja ya ukingo.

Vipimo hivyo vinaweza kutimizwa siku ya uzinduzi na kupotea baadaye bila mtu kutambua, kwa kuwa ukingo huanza kufa chini, pale nguzo inapoingia katika zege au inaposimama juu ya bamba la chuma lililofungwa kwa bolti. Maji ya mvua hutuama hapo pamoja na vumbi na taka, kutu hula chuma kutoka ndani, na rangi mpya inayopakwa juu yake huficha ugonjwa badala ya kuuponya. Mkaguzi anayepita akitazama kwa macho tu ataona ukingo ulionyooka na kung'aa. Anayeinama, akakwaruza rangi kwenye shina la nguzo, akagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama sauti ni kavu au imepwaya, kisha akausukuma ukingo kwa mwili wake wote, ndiye atakayejua kama utamzuia mtu. Mabango ya matangazo yanayofungwa ubavuni yanastahili uangalizi wa aina hiyo hiyo, kwa kuwa hukamata upepo kama tanga na kuongeza mzigo ambao mhandisi hakuuhesabu, huku yakifunika viungo vinavyopaswa kuonekana. Kamba za turubai za wachuuzi nazo huvuta vyuma hivyo mwaka mzima.

Mbali na kutu, kuna wizi. Chuma cha barabarani kina soko, na Kenya inalifahamu hilo vizuri: Sheria ya Vyuma Chakavu ilipitishwa mwaka 2015, na Januari 2022 Rais alisimamisha biashara hiyo kwa muda kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umma. Kipande kimoja cha ukingo kikikatwa usiku, asubuhi daraja hubaki na mwanya ambao mpitaji aliyezoea kushika hapo huugundua kwa mkono wake, na gizani, pale taa zisipowaka, huenda asiugundue mapema. Mwanya wa namna hiyo hauwezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Unahitaji kuzibwa siku ile ile.

Swali la nani auzibe ndilo linalokwamisha mambo. Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007 iliunda KeNHA kwa barabara kuu na KURA kwa barabara za mijini, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 likaipa kaunti barabara za kaunti pamoja na taa za barabarani, na tangu mwaka 2022 barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo inaishia Westlands juu ya Waiyaki Way, nayo ina mwendeshaji wake. Mwananchi aliyesimama penye ngazi hana njia ya kujua chuma kilicholegea mbele yake ni cha nani kati ya hao. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo hiki kimebeba watu.

Katikati ya jiji suala hili lina sura nyingine, kwa sababu huko njia za juu ni sehemu ya urithi. Soko la City Market katika mtaa wa Muindi Mbingu, la miaka ya 1930, lina ushoroba wa juu unaotazama ukumbi, na jumba la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973, hupokea wageni kwenye paa lake juu ya ghorofa ya 28. Jengo lililotangulia vipimo vya leo halipaswi kuhukumiwa kwa umri wake, wala ukingo wake wa asili haupaswi kung'olewa, kwani Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa kuwa turathi. Ipo njia ya kuheshimu pande zote mbili: ukingo wa pili, mwembamba na unaoweza kuondolewa, husimamishwa ndani ya ule wa zamani, ukaongeza kimo bila kutoboa wala kuficha kazi ya mafundi wa kwanza.

Mataifa mengine yalijifunza ukaguzi kwa gharama ya maisha. Daraja la Silver Bridge nchini Marekani liliporomoka Desemba 1967 na kuua watu 46, na baada yake ndipo taifa hilo likaweka kanuni za kukagua madaraja, kwa kawaida kila baada ya miezi 24. Huko Morbi, India, daraja la kale la waenda kwa miguu lilikatika Oktoba 2022, siku chache tu baada ya kufunguliwa upya kutoka kwenye ukarabati, na zaidi ya watu 130 wakafa. Morbi inaonya kwamba rangi mpya na sherehe ya ufunguzi si ukaguzi.

Kwa hiyo ofisi zenu zinaombwa mambo manne. Kwanza, iandaliwe rejista moja ya njia zote za juu za umma, kuanzia katikati ya jiji hadi Uthiru, kila moja ikiwa na namba na mwenyewe mmoja anayetajwa. Pili, kila daraja liwekewe bango chini ya ngazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, lenye namba hiyo, jina la ofisi inayowajibika, simu ya kuripoti, tarehe ya ukaguzi uliopita na ya ule ujao. Tatu, mhandisi afanye ukaguzi wa kina, wa kugusa na kusukuma, angalau kila baada ya miaka miwili, na mara tu lori linapogonga daraja. Nne, kila mwanya uzibwe kwa kizuizi cha muda ndani ya saa 24, na ukingo unaorudishwa uwe wa muundo usiofunguka kwa spana.

Ombi hili halihitaji sheria mpya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi linalohusu uhai lijibiwe ndani ya saa 48. Tarehe ya ukaguzi wa ukingo ulio juu ya magari yanayokwenda kasi ni habari ya uhai, na ni bora ibandikwe penye ngazi, mahali ambapo kila mpitaji ataisoma kabla ya kukanyaga kipandio cha kwanza, kuliko kungoja iombwe kwa barua na mtu aliyekwisha kufiwa.

Kwa heshima, na kwa niaba ya usalama wa kila anayevuka kwa miguu.