Fungeni barabara kwanza, basi lifuate

NJIA PANDA
Na Zainabu Mkwizu

Huduma ya basi ikifa kijijini, taarifa ya wakubwa huwa na maelezo yale yale: abiria hawakutosha. Maelezo hayo yamezika mabasi mengi, na mara nyingi yanaficha uamuzi ambao mtu fulani alitakiwa kuufanya akauogopa. Wiki hii naeleza kisa cha mabasi madogo yaliyohudumu kwa muda mfupi katika bonde moja la Uingereza zaidi ya miaka 50 iliyopita. Wanaopanga safari za kwenda kwenye hifadhi zetu wana la kujifunza humo.

Bonde hilo ni la mto Goyt, jirani na mji wa Buxton katika jimbo la Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951, ikiwa ya kwanza Uingereza, na imebanwa na miji ya viwanda: Manchester na Stockport upande wa magharibi, Sheffield upande wa mashariki. Wafanyakazi wa miji hiyo waliipigania ardhi ile. Aprili 1932 mamia yao walipanda mlima wa Kinder Scout bila ridhaa ya wenye mashamba, wakidai haki ya kutembea kwa miguu, na baadhi yao wakafungwa jela. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Manchester kwamba asiingie mahali fulani vilimani, unagusa kidonda.

Kisha magari yakaongezeka. Mwaka 1950 Uingereza ilikuwa na magari binafsi karibu milioni 2. Kufika 1970 yalikuwa yamepita milioni 11. Katika miaka hiyo hiyo reli nyingi za vijijini zilifungwa kufuatia ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963. Familia iliyokuwa ikienda vilimani kwa treni siku ya Jumapili sasa ilikwenda kwa gari lake, na kila gari lilitaka mahali pa kusimama.

Goyt lilikuwa na kila kitu cha kumvuta mtu. Kulikuwa na magofu ya Errwood Hall, jumba la familia ya kitajiri ya Grimshawe, lililobomolewa miaka ya 1930 wakati bwawa la Fernilee likijengwa kuupatia mji wa Stockport maji. Bustani zake za vichaka vya maua ziliachwa zikiendelea kuchanua zenyewe. Miaka ya 1960 likajengwa bwawa la pili, la Errwood, na kitongoji cha Goyt's Bridge kikafunikwa na maji. Daraja lake la kale la mawe, lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, lilifumuliwa, mawe yakabebwa, likajengwa upya juu zaidi mtoni. Hadi leo mtu anaweza kuvuka kwa miguu juu yake.

Barabara inayopita bondeni humo ni nyembamba. Jumapili ya jua kali, magari yalipanga mstari kandokando yake, na wageni waliofuata utulivu wakajikuta wamekaa kati ya bampa na bampa. Uharibifu huo haukuletwa na mkorofi yeyote. Kila dereva alifanya jambo la busara kwa upande wake, na jumla ya busara hizo ikawa msongamano.

Mwaka 1970 Tume ya Maeneo ya Vijijini, iliyotokana na sheria ya mwaka 1968, ikishirikiana na bodi ya hifadhi, iliamua kufanya jaribio. Siku za mwisho wa wiki wakati wa kiangazi, barabara ya bondeni ilifungwa kwa magari. Wageni waliacha magari kwenye maegesho ya pembezoni, kisha wakaingia kwa miguu au kwa mabasi madogo yaliyokwenda na kurudi. Jaribio likaendelea mwaka 1971. Baada ya hapo mabasi yakaondoka.

Msomaji anaweza kusema hilo lilishindwa. Mimi nasema tuangalie kilichobaki. Mabasi yalikoma, lakini uamuzi wa kufunga barabara uliendelea kuishi: miongo kadhaa baadaye, sehemu ya barabara ile inaendelea kufungwa kwa magari Jumapili na sikukuu za kiangazi. Katika hifadhi hiyo hiyo, kwenye bonde la juu la mto Derwent, barabara inayopita Fairholmes nayo hufungwa mwisho wa wiki, na watu hutembea au huendesha baiskeli kando ya mabwawa. Waliopanda Kinder Scout mwaka 1932 walidai njia ya miguu. Hawakudai nafasi ya kuegesha. Kufunga barabara kuliwarudishia wajukuu wao kile hasa kilichopiganiwa.

Kwa nini basi la namna hii hufa upesi? Piga hesabu. Chukulia magari 200 yamefika asubuhi, kila moja na watu watatu. Hao ni watu 600. Basi dogo la viti 15 litahitaji safari 40 kuwaingiza, na wote watataka kutoka jioni, saa ile ile, tena mvua ikitishia watataka kutoka kwa mkupuo. Ukitaka wasingoje, unahitaji mabasi mengi na madereva wengi kwa saa chache tu. Jumatano ya manyunyu mabasi hayo hayo yatalala, lakini bima na matengenezo havilali. Tena abiria mwenyewe si mtu mwepesi. Ana watoto, kikapu cha chakula, blanketi, pengine mbwa na bibi anayetembea polepole. Kuhamisha hayo yote kutoka garini hadi basini ni kazi, na ukimwachia achague kati ya kazi hiyo na kuendesha hadi ukingoni mwa maji, ataendesha. Nauli zake haziwezi kulilisha basi hilo, na anayepanga bajeti kwa kuzitegemea anajidanganya.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Basi lililowekwa pembeni ya barabara iliyo wazi kwa kila gari linashindana na gari lenye faida zote, na litashindwa. Basi lililowekwa baada ya barabara kufungwa lina kazi inayoeleweka. Hifadhi ya Zion huko Utah, Marekani, ilifuata mpangilio huo mwaka 2000: mabasi yakianza msimu wake, magari binafsi huzuiwa kuingia kwenye barabara kuu ya korongo, na watu wengi huyapandia katika mji wa jirani wa Springdale. Mabasi hayo yapo hadi leo. Dar es Salaam nako, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, nguvu yake ilikuwa kwenye njia zake maalumu ambazo gari binafsi haliruhusiwi kuingia. Tatizo la mabasi kutotosha ni la kweli, na abiria wanaogombania milango wana haki ya kulalamika, lakini hakuna anayedai njia hizo zirudishwe kwa magari binafsi ili foleni ipungue. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jaribio la Goyt lilikuwa na pengo moja ambalo sisi hatuna sababu ya kulirithi. Basi lile lilianzia kwenye maegesho, kwa hiyo lilimhudumia mtu ambaye tayari alikuwa na gari. Mfanyakazi wa Stockport asiye na gari alitakiwa kwanza afike kwenye maegesho yasiyomhusu. Fedha za umma zilitumika kumwondolea mwenye gari usumbufu ulioletwa na gari, na asiye na gari akabaki nyumbani.

Kwetu wasio na gari ndio wengi. Fikiria Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya hifadhi, na kila siku abiria wa mabasi ya mikoani huwaona twiga na tembo dirishani. Mtanzania huyo amelipa nauli, amefika ndani ya hifadhi yake, lakini akitaka kushuka na kuitembelea lazima akodi gari ambalo bei yake inamzidi. Tangu 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inafika Morogoro na Kilosa. Kinachokosekana ni basi la uhakika, lenye ratiba inayojulikana, kutoka stesheni hizo na stendi ya Mikumi hadi kwenye njia za ndani za hifadhi. Wazo hili si geni Afrika Mashariki: Shirika la Wanyamapori la Kenya limewahi kuendesha basi la mwisho wa wiki kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuingia hifadhi ya taifa iliyo jirani, na mtu wa mitaa ya Eastlands jijini humo akaweza kumwona kifaru kwa nauli badala ya kukodi gari zima.

Hifadhi zetu zinazidi kujaa magari ya watalii, na jibu linaloletwa mezani kwanza ni kupanua barabara na kuongeza maegesho. Naomba wenye mamlaka waanze upande wa pili. Wachague barabara moja iliyoelemewa, waifunge kwa magari madogo siku zenye watu wengi, na waweke mabasi yanayoanzia stendi. Watenge fedha za miaka 3 mfululizo bila kuzitegemea nauli, na watangaze mapema kwamba kitakachopimwa ni hali ya mahali penyewe na idadi ya wananchi waliofika, wala si mapato ya tiketi. Miaka hiyo ikipita na basi likaonekana halihitajiki tena kwa sababu watu wamezoea kutembea, basi na liondolewe. Kizuizi cha magari kibaki.