Faili Zako Zisilale C

"Hii tutafomati tu." Fundi alisema hivyo bila kuinua macho, hapa hapa Donholm, si mbali na steji. Laptopu yangu ilikuwa imekataa kuwaka. Nikamuuliza, na vitu vyangu je? "Kwani hukuwa na bakapu?" Sikuwa nayo. Jioni nikarudishiwa mashine safi kabisa. Hadithi zangu hazikuwemo. Wala sauti ya shosho, niliyomrekodi akisimulia utoto wake kabla hajatuacha.

Nilimlaumu yule fundi kwa muda mrefu. Siku hizi najilaumu mimi, na ninyi pia, wasee. Fundi alitengeneza mashine, na hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Sisi ndio tulikubali, bila kuuliza, kwamba kazi ya mtu na mfumo wa kompyuta vilale kitanda kimoja.

Angalia. Ukiweka Windows, Documents, Pictures na Desktop zote huwekwa ndani ya C, pamoja na mfumo wenyewe. Ukiweka Ubuntu kwa kubofya "endelea, endelea", home yako nayo hukaa partisheni moja na mfumo. Lakini mfumo ni kitu cha kufutwa! Windows 10 ilikatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu kuukuu nyingi hazina. Ndiyo maana baadhi yetu tumeweka Linux kando ya Windows. Mfumo ukiharibika, unawekwa upya kwa saa moja. Hadithi iliyofutika haiwekwi upya.

Watu wa Donholm tungepaswa kulielewa hili haraka. Wengi wetu ni wapangaji. Nani huhama keja akamwachia landilodi godoro na sufuria? Unaita mkokoteni, unabeba chako. Sasa mbona kwa kompyuta tunaacha kila kitu ndani?

Dawa si ngumu. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, maana kugawa diski kunaweza kwenda mrama. Kisha tenga partisheni ya tatu isiyo na mfumo wowote. Iwe ya NTFS, kwa sababu Linux husoma na kuandika NTFS, ilhali Windows, bila msaada, haisomi ext4 ya Linux. Upande wa Windows, bofya Documents kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Location, uielekeze kwenye partisheni mpya. Fanya hivyo kwa kila folda ya kazi yako. Upande wa Linux, badilisha njia kwenye faili ya user-dirs.dirs iliyo ndani ya folda fiche ya .config, na uhakikishe partisheni hiyo inafunguka kila mashine ikiwaka. Zima Fast Startup. Ukiiacha, Windows haijizimi kikamilifu, na Linux inaweza kukataa kuandika humo. Wala usisombe home yote ya Linux kwenda NTFS, ruhusa za faili zitavurugika. Hamisha folda za kazi pekee.

Najua mtasema, "Si uweke tu mawinguni?" Weka. Lakini OneDrive ya bure ni GB 5, Google ni GB 15, na kupakia rekodi za saa nzima kunakula bando. Mwingine atasema partisheni si bakapu, diski ikifa vyote vinakufa. Kweli kabisa, na ndiyo sababu ile diski ya nje isirudi kabatini kukaa mwaka mzima. Ila tusidanganyane: kilichonimaliza mimi si diski iliyokufa. Diski ilikuwa nzima. Nilipoteza kila kitu kwa sababu sikuwa na jambo la kumwambia fundi. Yote yalikuwa C, na C ndiyo ilikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo fanya kazi hii wikendi hii, kabla mashine haijagoma. Siku fundi atakapokwambia "tutafomati tu", uwe na jibu ambalo mimi sikuwa nalo: "Sawa, fomati C. D usiguse."