Nani Aliyepoteza Daftari?

Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama wako wazee ambao vijana huwapita njiani wasijue ya kuwa waliwahi kuchukua bunduki kwa ajili ya nchi hii. Baadhi yao walikuwa askari wa jeshi. Wengine walikuwa mgambo, watu wa jembe na wa ng'ombe na wa nyavu, walioitwa majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi ya Kagera mwaka 1978. Walikwenda, wakapigana, na waliosalia wakarudi kwao. Sasa mmoja wao akienda kuomba jina lake lisahihishwe katika daftari, au akiuliza habari ya medali ya vita vile ambayo wenzake walipewa na yeye hakupewa, hupokewa kwa swali moja: "Mzee, cheti chako kiko wapi?" Akiwa hana cheti, shauri limekwisha. Huambiwa hayumo katika orodha, wala hapana wa kumweleza orodha hiyo iliandikwa na nani, lini, na kwa maneno ya nani.

Mimi nasema swali hilo linaulizwa upande usio wake. Askari haandiki daftari la jeshi. Huliandika karani, hulitunza ofisa, na ghala limo mikononi mwa serikali. Mtu aliyeambiwa apande gari kwenda Kagera hakupewa nafasi ya kutazama kama jina lake limeandikwa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kutii. Ikiwa daftari lina kosa, au limeliwa na mchwa, wa kuulizwa kwanza ni mwenye kulitunza, si mzee ambaye paa la nyumba yake limevuja masika ngapi tangu mwaka 1979.

Na makosa ya majina katika nchi yetu ni rahisi mno. Wasomaji wa mbali wataniwia radhi nikieleza. Kwa Wakurya, akina Chacha, Mwita na Marwa ni wengi kama mawe ya Musoma. Kwa Wajita utawakuta akina Magesa na Masatu. Kwa Wazanaki na jirani zao akina Wambura. Katika kombania moja waweza kuwamo watu watatu waitwao Mwita Chacha, na wa nne aitwaye Chacha Mwita, ambaye karani mwenye haraka atamhesabu kuwa ni mmoja wa wale watatu. Tena mtu hujiandikisha kwa jina la baba, wenzake wakamwita kwa jina la ukoo, akarudi nyumbani akabatizwa jina jingine, na kitambulisho chake cha leo kikachukua hilo la mwisho. Karani asiyezijua lugha zetu huandika l mahali pa r, na Wambura akawa Wambula. Herufi moja hiyo, ndugu wasomaji, yatosha kumfanya mtu kuwa hakwenda vitani. Naye mjane wa aliyekufa huko ana shida zaidi, maana yeye hana hata kovu la kuonyesha.

Wala jambo hili si geni. Vita Vikuu vya 1914 hata 1918 vilifika mlangoni petu. Mwaka 1917 kikosi cha Naumann kilipigana na majeshi ya Wabelgiji penye boma la Ikoma. Katika vita hivyo Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao la wachukuzi limebaki Kariakoo, mahali watu wanaponunua ndizi. Majina yao wenyewe yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Katika taarifa hiyo mtu asome habari za Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Tanganyika, aliyeona ni afadhali makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Basi tusidanganyane ya kwamba majina hupotea yenyewe kama mbuzi. Kulikuwa na watu walioketi mezani wakaamua lipi liandikwe na lipi lisiandikwe.

Vita vya pili vilipokuja, watu wapata 87,000 wa Tanganyika waliandikwa jeshini, na askari wa Keya walikwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma. Walipoagwa, malipo ya Mwafrika yalikuwa karibu theluthi ya malipo ya Mzungu wa cheo kile kile. Nishani walizopewa, zile nyota za shaba, kwa kawaida hazikuchongwa jina la mwenyewe, tofauti na nishani za vita vya kwanza zilizokuwa na jina na namba ukingoni. Maana yake ni kwamba hata mjukuu aliyeirithi nyota ya Burma katika sanduku la babu yake hawezi kwa nyota ile kuthibitisha lolote. Mtu amepewa heshima isiyo na jina, kisha akaambiwa alete jina!

Wako watakaosema: "Mwalimu, ukiufungua mlango huo, waongo wataingia." Ni neno la haki, wala silidharau, palipo na kiinua mgongo hapakosi mjanja. Lakini nitawajibu kwa habari inayosimuliwa ya ng'ambo ya ghuba yetu, Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliomtumikia von Lettow-Vorbeck ambao walikuwa wangali hai. Husimuliwa ya kuwa walikuja wazee wapatao 350, na wachache tu walikuwa na vyeti vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi vilivyochakaa. Yule aliyeleta fedha akampa kila mmoja ufagio mahali pa bunduki, akatoa amri za kijeshi kwa Kidachi. Hakuna aliyeshindwa.

Siwasifu Wadachi kwa deni lililochelewa miaka 46, wala sisahau askari wao waliyoyatenda kusini zamani za Maji Maji. Nasema tu kwamba mwenye nia ya kulipa alipata njia ya kumjua mdai wake, naye hakuwa na mashine wala mtandao. Alikuwa na ufagio.

Sisi tunashindwa na nini? Vita vya Kagera si vya zamani namna hiyo. Mzee asemaye alikuwako aulizwe aliuvuka mto Kagera mahali gani na kwa daraja gani, kwa kuwa lile la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Aulizwe alikuwa wapi Masaka ilipotwaliwa Februari 1979. Aliona nini Lukaya mwezi wa Machi, ambako askari wa Libya walikuwa upande wa adui. Nani alikuwa mkuu wa kombania yake. Nani alianguka karibu naye na alizikwa wapi. Wenzake wawili au watatu waketi hapo wamsikilize. Mwongo aweza kujifunza majina ya miji, lakini hawezi kuwadanganya watu watatu waliolala katika handaki lile lile juu ya nani aliyekuwa akikoroma. Ushahidi wa namna hiyo twautumia kila siku katika mabaraza yetu kuamua mipaka ya mashamba. Je, shamba lina heshima kuliko mtu?

Sisemi ya kuwa serikali haikutoa medali; ilitoa, na walioipata hukusanyika wakiivaa kifuani. Wala simlaumu kijana aliyeketi dirishani leo, ambaye mwaka 1979 alikuwa hajazaliwa; yeye asoma alichokikuta. Ninalolikataa ni desturi ya kulifanya kosa la mwandishi kuwa adhabu ya mwandikwa. Daftari la jeshi si maandiko yasiyoguswa. Likiwa na kosa, lisahihishwe, na kalamu iliyokosea ndiyo itoke kwenda kumtafuta mzee, si mzee kuitafuta kalamu kwa nauli ya kuku aliyeuza.

Butiama imo nyumba ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na ni haki iwemo, maana ndiye aliyetoa amri ya kupigana. Watoto wa shule huenda kuitazama, na mimi hupenda waende. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo waweza kuwamo waliotii amri ile, na hawana hata mstari mmoja katika kitabu chochote. Kijana wa miaka 20 wa mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Mashahidi wake wanazikwa mmoja mmoja, na kila mazishi yampunguzia wa kusema, "Huyu alikuwa nasi."

Tarehe 25 Julai kila mwaka ni siku ya mashujaa. Kabla ya siku hiyo kuja tena, wakuu wa wilaya zetu tatu pamoja na washauri wa mgambo waweke meza Musoma, Bunda na Butiama, majuma mawili kila mahali, na makarani wajuao Kikurya, Kijita na Kizanaki. Daftari la jeshi liletwe hapo, lisomwe kwa sauti, jina kwa jina, na wazee wakiwapo.