Rangi ya Mwali Isikaririwe

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayesoma kemia hufundishwa kwamba kichomeo cha Bunsen hutoa miali ya aina mbili. Tundu la hewa likifungwa, mwali huwa wa manjano, nao huacha masizi. Likifunguliwa, huwa wa buluu, wenye joto kali na usio na masizi. Mwanafunzi huchora michoro miwili, hujibu swali la mtihani, na mambo huishia hapo. Huo ni upotevu mkubwa wa elimu, kwani kanuni ya kifaa hicho, kilichobuniwa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1855, ndiyo inayotumika katika jiko la gesi la nyumbani.

Jambo hili si dogo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo. Mitungi ya gesi itazidi kuingia majumbani. Yafaa kuuliza kama maarifa yake yataingia pamoja nayo.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ili ujazo mmoja wa propani uungue kikamilifu, huhitaji mijazo 5 ya oksijeni. Na kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 tu ya hewa, huhitajika karibu mijazo 24 ya hewa. Hewa ikipungua, kaboni haiungui yote. Chembe zake hung'aa kwa rangi ya manjano, kisha hutua chini ya sufuria zikiwa masizi. Sehemu nyingine hutoka ikiwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Kwa hiyo mwali wa manjano usiokoma ni onyo. Mara nyingi uji uliofurika umeziba matundu ya kichomeo, au vumbi na utando wa buibui vimeziba njia ya hewa. Jiko lizimwe, lipoe, lisafishwe. Hali ikiendelea, aitwe fundi. Hata hivyo, maji ya chumvi yakimwagikia moto, mwali hugeuka manjano kwa muda mfupi kwa sababu ya sodiamu, bila kuacha masizi. Anayejua sababu hawezi kuyachanganya mambo hayo mawili.

Hapa ndipo ubaya wa kukariri unapoonekana. Mwanafunzi aliyeshika tu kwamba buluu ni salama na manjano ni hatari amepewa nusu ya ukweli. Na atazame jiko la mkaa. Vile vimiali vya buluu vinavyochezacheza juu ya makaa ni kaboni monoksaidi yenyewe inayoungua. Chini ya jiko mkaa hutoa kabonidioksaidi; gesi hiyo ikipanda kupitia makaa yenye joto kali hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Kiasi fulani huungua juu, na kinachobaki huingia chumbani. Moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, watu hudhani hatari imekwisha, wakaliingiza jiko ndani ili wapate joto usiku. Familia nzima zimelala hivyo zisiamke. Hata mwali wa buluu wa jiko la gesi, katika chumba kilichofungwa, hupunguza oksijeni kidogo kidogo. Rangi hueleza hali ya mwali. Haithibitishi usalama wa hewa ya chumba.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya sayansikimu, wala si ya kemia, na kwamba shule nyingi hazina maabara yenye gesi. Hoja ya kwanza haina nguvu, kwa sababu sumu haichagui somo. Ya pili hujijibu yenyewe: shule ikikosa maabara, jiko la nyumbani laweza kutoa somo. Mwanafunzi, akiwa na mzazi, aweza kuchunguza rangi ya mwali, kutazama masizi chini ya sufuria, na kupaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira wa gesi ili kuona kama panavuja. Atajifunza pia kwa nini gesi inayovuja hutanda sakafuni: ni nzito kuliko hewa. Ndiyo maana harufu yake inaposikika hufungwa vali ya mtungi na kufunguliwa milango, wala haiguswi swichi ya umeme wala kiberiti.

Watungaji wa mitihani nao wana sehemu yao. Badala ya kumtaka mtahiniwa ataje tofauti za miali miwili, wamwulize hivi: jiko la mkaa lisilotoa moshi limewekwa katika chumba kilichofungwa, eleza kwa nini waliolala humo wamo hatarini. Atakayelijibu vyema swali hilo atakuwa amejifunza kemia, na nyumbani kwao pia watanufaika.